Jumapili ya Liège

Siku Kavugho alipokutana na Bisimwa, alimkimbiza kama mwizi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, saa nane mchana, katika stesheni ya mabasi ya Columbus. Basi la kutoka Louisville lilikuwa limechelewa saa mbili nzima, na abiria walishuka wakiwa wamekunjamana kama nguo zilizolala ndani ya ndoo. Watu walisukumana, spika ikatangaza mambo yasiyosikika, harufu ya vitunguu vya kukaanga ikatoka kwenye kibanda cha chakula. Kavugho alikuwa binti wa miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Louisville, amekuja kuimba na kwaya kwenye harusi ya binamu yake. Alivaa koti la manjano, sketi ya kitenge cha maua ya bluu, na raba nyeupe. Aliweka begi lake jeusi chini ili afunge kamba za kiatu. Alipoinua kichwa, begi lilikuwa likielekea mlangoni katika mkono wa kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu.

Aliita kwa Kiingereza, kijana hakugeuka. Akaanza kukimbia na kuita kwa Kiswahili.

"Weye mwenye kofia. Hiyo begi ni yangu."

Kijana akasimama kama aliyevutwa shati. Alikuwa na mabega mapana, ndevu zilizochongwa vizuri, na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka alikosea wapi.

"Si weye njo umeleta samaki?" aliuliza.

"Samaki gani?"

"Samaki ya mama mudogo. Aliniambia kwa simu, mwanamuke mwenye koti ya manjano, begi nyeusi. Donc, koti njo hii, begi njo hii."

"Fungua basi. Ukikuta samaki mule ndani, nitakuachia na begi."

Kijana alivuta zipu kidogo, akaona blauzi ya lesi na kitu kingine cha lesi, akaifunga haraka kuliko alivyoifungua. Nyuma yao palisimama mama mmoja mwenye koti la manjano kuliko lile la Kavugho, ameshika begi jeusi ambalo harufu yake ilikuwa imekwisha kumtambulisha.

"Naitwa Bisimwa," kijana alisema huku akirudisha begi kwa mikono miwili. "Nikupeleke wapi, nipate kusamehewa?"

"Sipande gari ya mwizi."

"Mwizi hakuiba kitu. Na gari iko na moto, inje kuna upepo."

Kavugho alimtazama. Kisha akacheka, na kicheko kile kilimpeleka mpaka kwenye kiti cha mbele, katikati ya harufu ya samaki wa kukaushwa, mpaka mlangoni pa binamu yake.

Bisimwa alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliishi Westerville, kaskazini ya Columbus, katika nyumba aliyopanga pamoja na rafiki yake Karaha, na aliendesha fokolifti ya kunyanyua mizigo kwenye bohari moja kubwa. Mama yake alikuwa Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo. Baada ya harusi ile, njia ya kwenda Louisville ikawa kama uchochoro wa nyuma ya nyumba yake. Kila wikendi ya pili alipiga saa tatu na nusu za barabara, akafika na shati lililopigwa pasi likining'inia dirishani, akabadilisha kwenye kituo cha mafuta kabla ya kubisha hodi. Wazazi wa Kavugho walimpa chai, baba akamuuliza habari za kanisa, kisha wao wawili wakashuka mtoni kutembea kwenye lile daraja la waenda kwa miguu linalovuka mpaka Indiana.

"Tumebadilisha jimbo na hakuna mutu ametuomba kitu," Kavugho alimwambia siku moja wakiwa katikati ya daraja.

"Mimi nikuombe kitu?"

"Omba."

"Usiolewe na mutu ya Louisville."

"Na kama ni mutu ya Columbus, mwenye kunuka samaki?"

"Huyo muache aje. Nasikia ni mutu wa heshima."

Barua ilifika mwezi wa saba. Chuo kilikuwa kimemchagua Kavugho kwenda kusoma muhula mmoja Liège, Ubelgiji, tangu mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Alimpigia Bisimwa kabla ya kumwambia hata mama yake. Bisimwa alishangilia, akamsifu, akasema atawaambia watu wote wa kazini. Halafu akanyamaza.

"Miezi tano kasoro," alisema mwishowe. "Mutoto akizaliwa siku utaondoka, utarudia anakaa peke yake."

"Nitakupigia kila siku, chéri."

"Piga. Mimi nitakuwa hapa. Siko na fasi ya kwenda."

Liège ilikuwa mji wa mawe, ngazi na mvua nyembamba. Kavugho alipanga chumba kwa Madame Colette, mama mzee mjane aliyeishi juu ya kilima na kumwita "mademoiselle" hata alipomkemea kwa kuacha dirisha wazi. Darasani alikutana na Methodius, Mtanzania wa Bukoba aliyekuwa akisomea umeme, mrefu, mcheshi, mwenye koti la kijivu ambalo lingetosha watu wawili. Methodius ndiye aliyemfundisha kwamba huko mtu akiamka Jumamosi anaweza kunywa chai nchi moja na kula chakula cha mchana nchi nyingine. Pamoja na wadada wawili wa Kihispania walinunua tiketi za vijana, wakaanza kuzunguka.

Safari ya kwanza ilikuwa Kolon. Gari-moshi lilipita shamba, likapita kijiji, likapita shamba jingine, na Kavugho akamuuliza Methodius mpaka uko wapi.

"Tumeshaupita," Methodius alisema. "Dakika kumi sasa."

Kavugho alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa skafu. Alizaliwa kambini Uganda, baada ya wazazi wake kukimbia kutoka upande wa Butembo. Mipaka yote aliyoijua ilikuwa na askari, na mama yake akishika karatasi kwa mkono unaotetemeka. Huu ulikuwa wa kwanza aliouvuka kwa sababu alitaka tu kuona kanisa kubwa la upande wa pili. Aliosha uso, akatoka, akampigia Bisimwa. Alitaka yeye awe wa kwanza kusikia.

"Uko wapi?" Bisimwa aliuliza.

"Mu gari-moshi. Tumeingia Ujerumani, na unajua—"

"Tumeingia, njo nani na nani?"

"Mimi, Methodius, na wale wadada wa Uhispania."

"Methodius ni nani?"

Alimweleza Methodius ni nani. Alipomaliza kueleza, gari-moshi lilikuwa limefika, na lile alilotaka kusema lilikuwa limepoa mdomoni.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Amsterdam, Luxembourg, Ghent. Kila mji ulianza na simu ile ile. Bisimwa hakugomba wala hakukataza. Angesema tu, "Bon, sijasema kitu," kisha akanyamaza, na kimya kile Kavugho alikibeba mabegani mpaka Jumapili jioni. Angekuwa anatazama baiskeli zikipita juu ya madaraja, na moyo wake ungekuwa kwenye simu, ukihesabu saa tangu ujumbe wa mwisho.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, tiketi za Paris zilikuwa tayari. Alhamisi, Bisimwa alipiga.

"Wikendi hii je? Unakwenda wapi?"

Kavugho alifungua mdomo aseme Paris. Akasikia ile pumzi upande wa pili, pumzi ya mtu anayejikaza kabla ya sindano.

"Siende fasi," alisema. "Niko na mtihani. Nabaki nasoma, sitoke hata kwa mulango."

"Kweli?"

"Kweli, chéri."

Sauti ya Bisimwa ikalainika ghafla, kama ya mtoto aliyeambiwa habari njema. "Muzuri. Muzuri sana. Baki hapo hapo."

Alikata simu akicheka. Kavugho alibaki na aibu iliyomwasha masikioni, lakini akajiambia uongo ule ni mdogo, haumuumizi mtu, na umempa mpenzi wake usingizi.

Paris ilikuwa na mvua na Waafrika wengi. Alisukwa nywele karibu na soko moja ambako wamama wa Kinshasa walichoma mahindi juu ya matoroli kando ya barabara, akapiga picha ambazo hakuzituma kwa mtu. Jumapili saa kumi na moja jioni walishuka katika stesheni ya Liège, chini ya lile paa kubwa jeupe la chuma na vioo, upepo ukipita humo kama mwenye nyumba. Methodius alimvika koti lake la kijivu, akamtania kwamba anafanana na hema lenye miguu, na Kavugho akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akakumbuka. Akajitenga kidogo, akasimama karibu na mashine ya tiketi, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Chéri, wikendi imekwisha. Nimesoma mpaka macho inauma. Sijatoka hata kwa mulango. Nakuwaza sana. Unipigie."

Aliutuma. Alama mbili zikageuka bluu palepale. Bisimwa alikuwa amesikiliza. Kavugho alingoja jibu kwenye basi la kupandisha kilima, akangoja akila supu, akangoja kitandani. Halikuja.

Jumatatu hakujibu. Jumanne simu ililia mpaka ikakatika. Jumatano ujumbe ukaanza kusimama kwenye alama moja tu, ile ya kijivu, na picha ya Bisimwa ikatoweka ikaacha kichwa cheupe kisicho na uso. Kavugho alimpigia Karaha, Karaha hakupokea. Alimpigia yule mama mdogo wa samaki, akaambiwa kwamba Bisimwa ni mzima, anakwenda kazini, na kwamba mambo ya vijana wayamalize vijana wenyewe. Aliacha kula. Darasani mwalimu alimuuliza swali mara mbili na hakujua kama ameulizwa. Alirekodi jumbe nyingine arobaini, za kuomba, za kukasirika, za kuimba hata, na zote zilisimama kwenye alama moja kama watu waliofungiwa geti.

Madame Colette alikuwa amekwenda pwani kwa binti yake tangu asubuhi ya Jumapili ile. Alirudi baada ya wiki mbili, akavua mtandio, akaweka maji ya kahawa jikoni.

"Yule bwana alikupata?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Bwana gani, Madame?"

"Yule kijana wa Amerika. Alikuja ile Jumamosi asubuhi. Mrefu, suti ya bluu, viatu vinang'aa, maskini, na mvua ile. Nikamwambia mademoiselle yuko Paris na yule rafiki yake mrefu, atarudi kesho jioni. Akanishukuru sana. Nikamkaribisha kahawa, akakataa."

Kavugho alikaa chini kwenye vigae vya jikoni. Madame Colette alidhani ameteleza.

Bisimwa, aliyesema hana mahali pa kwenda, alikuwa amepata uraia na pasipoti mwaka ule ule. Alikuwa amevuka bahari kwa siku mbili za kupumzika, akabisha mlango wake akiwa na suti, na mlango ukamjibu kwamba yule asiyetoka mlangoni yuko Paris.

Siku hiyo alitaka kupanda ndege arudi. Mama yake alimzuia kwa simu. "Ukikimbia sasa utapoteza byote, masomo na huyo mwanaume. Maliza." Basi akamaliza, kama mgonjwa anavyomaliza dawa chungu. Hakupanda tena gari-moshi. Wikendi alikaa chumbani, sasa kweli hatoki mlangoni, na hakuna aliyemuuliza yuko wapi. Methodius alikuja na chungwa na maneno mazuri. "Dada, nipe namba yake nizungumze naye mimi. Nitampa na Anjelina azungumze naye." Anjelina alikuwa mchumba wake wa Bukoba, ambaye picha yake aliionyesha hata kwa makondakta. Lakini namba ile ilikuwa imefungwa kabisa, hata kwa simu ya Methodius.

Alirudi Louisville mwisho wa mwezi wa kwanza. Siku ya pili tu alimwambia mama yake, "Naenda kumutafuta."

"Mwanaume akinyamaza hivi, mwanangu, amekwisha kuondoka."

"Basi aniambie mwenyewe."

Basi la alfajiri lilimfikisha Columbus kabla ya saa sita. Huko Westerville Karaha alifungua mlango kidogo, uso nusu.

"Eko hapana. Alihama tangu mwezi wa kumi na moja."

"Alihamia wapi?"

"Aliniomba nisiseme."

"Bon," Kavugho alisema. Akaketi kwenye ngazi ya saruji, akaweka begi magotini. Baridi ilikuwa ya kukata. Karaha alifungua pazia, akafunga, akafungua tena. Majirani walipita na mbwa wao, wakamtazama. Vidole viliacha kuuma, vikaanza kufa ganzi, naye hakusogea. Saa tatu zilipita. Hatimaye Karaha alitoka na kikombe cha chai na kipande cha karatasi.

"Ni kwa mama yake, Cheektowaga," alisema. "Usimuambie ni mimi. Na unywe hiyo chai, usinifie hapa."

Alilala kwa binamu yake, na kesho yake akapanda basi la Buffalo. Njia nzima, kando ya ziwa ambalo halikuonekana kwa theluji, alipanga maneno. Angeanza na Methodius. Angeeleza habari za Anjelina, za wadada wa Kihispania waliolala naye chumba kimoja, angemwonyesha picha zote, angempigia Methodius aongee. Alirudia hotuba ile mpaka akaikariri kama zaburi. Ilikuwa ushahidi uliokamilika, na alijua hakuna mahakama ambayo ingemkuta na hatia.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya kijivu, theluji imefika madirishani. Mama Nshombo, mama yake Bisimwa, alifungua akiwa amefunga kitenge juu ya suruali ya joto na kuvaa soksi mbili mbili. Alimtazama tangu kichwani mpaka kwenye raba zilizolowa.

"Weye njo Kavugho."

"Njo mimi, mama."

"Ingia. Usife na baridi kwa mulango yangu, watasema ni mimi."

Alimkalisha karibu na hita, akampa uji wa moto, hakumuuliza kitu mpaka kikombe kilipoisha. Kisha akasema, bila ukali, "Suti ile nilichagua mimi. Alikwenda kukuuliza kama utakubali kuolewa. Alirudia na suti mu mufuko ya nailoni, nayo ilikuwa maji. Sijamuuliza. Mutoto wangu ni mukubwa. Lakini tangu siku ile anakula kama mutu anayelipa deni."

Saa kumi gari liliingia uani. Dirishani walimwona Bisimwa akizima taa, akafungua mlango wa gari, kisha akasimama. Alikuwa ameziona alama za raba kwenye theluji mbele ya ngazi, ndogo kuliko za mama yake. Alirudi akaketi nyuma ya usukani, akafunga mlango.

"Ataondoka tena huyo," Mama Nshombo alisema. "Vaa ndara zangu, uende."

Kavugho alitoka na ndara za plastiki, theluji ikimuuma vidoleni, akafungua mlango wa abiria, akaingia. Bisimwa hakumtazama. Alikuwa amekonda. Koti la kazini lilikuwa na vumbi la maboksi mabegani.

"Nimekuya kukueleza," Kavugho alisema.

"Eleza."

Akaeleza. Alitoa yote aliyoyapanga, kwa utaratibu, Methodius, Anjelina, chumba, picha. Picha alimwonyesha moja moja kwenye simu. Bisimwa alimwacha amalize. Kioo kilikuwa kimefunikwa na theluji, na mle ndani palikuwa kama chini ya shuka.

"Sikukuuliza habari ya Methodius," alisema.

"Lakini Madame alikuambia—"

"Madame aliniambia uko Paris. Niliumia. Halafu nikasema, bon, pengine safari ilikuya ghafla, atanieleza. Jumapili nilikwenda stesheni tangu saa nne ya asubuhi, nisikukose. Kila gari-moshi ya Paris nilisimama."

Kavugho alimgeukia.

"Ulikuwa stesheni?"

"Nilikuona unashuka. Koti ilikuwa kubwa, ilifunika mpaka vidole. Ulikuwa unacheka. Mimi nikafurahi, unajua? Nilifurahi kukuona unacheka. Niliinua mukono nikuite. Sasa weye ukatoa simu, ukaenda kwa mashine ya tiketi, ukaanza kuongea. Nikasema nimungoje amalize. Ukarudisha simu mufukoni." Aligusa mfuko wa koti lake. "Na yangu ikatetemeka."

Kavugho aliishusha simu magotini. Bisimwa akaendelea.

"Niliisikiliza palepale. Sauti yako mu sikio, na weye mwenyewe hatua kumi mbele yangu. Ulisema haujatoka hata kwa mulango. Uliisema muzuri, Kavugho. Kama singekuwa nakuona, ningeamini. Njo kitu iliniua. Nikajiuliza ni ngapi zingine niliamini."

Hotuba yote ya basi ilikuwa imeanguka, haikubaki hata neno moja la kuokota. Kavugho alitazama mikono yake.

"Nilikuongopea," alisema. "Hiyo moja. Sina maelezo."

"Juu ya nini? Ningekupiga? Ningekukataza?"

"Hapana. Ungenyamaza." Machozi yalikuwa yanashuka bila kwikwi. "Kila Ijumaa ulininyamazia, na mimi nilibeba kile kimya mu kila muji. Siku ya Kolon nilivuka mpaka bila mutu kuniuliza karatasi. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, Bisimwa. Nililia mu choo. Nilikupigia nikuambie weye wa kwanza, na weye ukaniuliza niko na nani."

"Hukuniambia."

"Haukuniachia fasi."

Bisimwa aliweka paji la uso juu ya usukani. Alipoongea, sauti ilitoka chini.

"Baba alituambia anakwenda Misisi kwa wachimba zahabu, wiki mbili tu. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa anatia sahani yake mezani kila jioni. Donc, mimi mutu akiniambia naenda, naanza kumungojea hata kabla hajaondoka. Si kosa yako. Lakini sasa nitafanya je? Ukinipigia kesho ukisema uko nyumbani, nitaamini na nini?"

Kwa mara ya kwanza katika safari ile Kavugho hakutaka kusema kitu ili kumtuliza.

"Sijui," alisema.

Kesho yake asubuhi Bisimwa alimpeleka stesheni. Alimbebea begi mpaka kwenye mlango wa basi.

"Tusipigiane," alisema. "Sauti ya simu bado inaniuma. Nikiwa tayari, nitakuya mwenyewe. Kama mwezi wa sita umeingia na sijakuya, usiningoje tena. Nakuambia hivi nisikufunge."

"Nitakungoja."

"Mpaka mwezi wa sita," alirudia, akashuka ngazi.

Mwezi wa pili ulipita, wa tatu ukapita. Kavugho alifanya mitihani, akaimba kwaya, akafanya kazi ya jioni katika nyumba ya wazee, na kila Jumamosi gari lolote lililopunguza mwendo barabarani lilimsimamisha moyo. Mwezi wa tano alihitimu. Katika picha zote za siku ile, joho jeusi na taji la maua, anaangalia pembeni, kwenye geti. Barua nyingine ilikuwa imefika: Liège walimtaka arudi kusoma mwaka mzima wa shahada ya pili. Alikaa na barua ile chini ya mto bila kuijibu. Tarehe moja mwezi wa sita ilikuwa Jumatatu. Alikesha hadi jogoo wa jirani akawika, akalia kilio chote kilichobaki, akaosha uso. Jumanne aliwaandikia kwamba anakubali.

Siku kumi na moja baadaye, Jumamosi mchana, alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, wakati mtu alipobisha. Alifungua akiwa na kanga kifuani na majani ya kijani vidoleni.

Bisimwa alisimama barazani, macho mekundu, shati limekunjamana. Safari hii hakuwa amesimama popote kubadilisha.

"Nimechelewa," alisema.

"Siku kumi na mbili."

"Najua. Niliondoka Buffalo saa kumi ya usiku. Kila exit ya barabara nilitaka kugeuza."

"Juu ya nini haukugeuza?"

Alifikiri. "Nilikuwa na haki, Kavugho. Hata mama alisema niko na haki. Lakini haki haicheke, haiongee, haikuulize umekula nini. Nimechoka kukaa nayo peke yangu."

Kavugho alitamani kumwangukia shingoni. Lakini aliushika mlango kwa mkono wenye majani, akabaki pale pale.

"Mbele ya kuingia, usikie kitu," alisema. "Liège wameniita tena. Si muhula, ni mwaka. Sikukuona, mwezi wa sita ukaingia, nikawajibu ndiyo. Methodius bado eko kule. Naenda mwezi wa tisa, na wikendi nitasafiri, Bisimwa, sitakuambia tena nabaki ndani. Kama hiyo inakuzidi, geuza sasa, sitakulaumu."

Bisimwa alishusha macho. Kavugho aliiona ile pumzi ikimpanda kifuani, ile ile aliyoisikia kwenye simu. Lori lilipita barabarani, likamaliza kupita. Sufuria ilianza kuchemka nyuma yake, na hakwenda kuitazama.

"Mwezi wa tisa," Bisimwa alisema mwishowe.

"Tarehe kumi."

"Bon. Tuko na miezi tatu kasoro." Aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, na vidole havikumtii vizuri. "Baba yako eko ndani?"

"Eko."

"Muambie kuna mutu anataka kuongea naye."